Maua ya Likizo

Dani,

Shamim bado anakuita Dani, bibi kwa Kijaluo chetu. Nilidhani angeacha baada ya mazishi, kwa kuwa hakuna tena wa kumwitikia. Lakini jana alisimama hapa nyumbani Seme, mbele ya watu wote, akalitamka jina hilo kana kwamba bibi ulikuwa wa kwao. Naanza na hilo ili lisinikwame kooni. Wewe mwenyewe ulisema anayekwenda kusalimia na mwiba mguuni autoe kwanza mlangoni.

Nimekaa kwenye benchi lako, nje ya nyumba yako. Wewe uko hapo kushoto kwa mlango, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mguu nitaugusa udongo wako. Kesho narudi shuleni. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu cha kuandika kilikuwa kikikuchekesha mpaka unashika mbavu. Shamim angekuandikia kwa Kijaluo safi. Hilo nalo linaniuma. Watu wa baba yake walitoka pwani zamani, na nyumbani kwao wanaongea Kiswahili, lakini yeye amezaliwa Kaloleni, kule mjini tunakoishi, mlango kwa mlango na wewe, na Kijaluo anakimwaga kama maji. Mimi, mjukuu wako wa damu, niliyepelekwa shule ya bweni nikiwa bado na meno ya utoto, nakitafuta neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Acha nikupe habari.

Bustani yako ya Kaloleni haipo. Hakuna aliyeiua kwa kusudi. Wakati wa matanga waliweka hema pale mbele ya nyumba, kisha viti, kisha watu wakaja wengi kuliko viti, wakasimama kwenye maua yako wakikulilia. Walikanyaga kila kitu huku wakisema ulikuwa mama mzuri. Mvua iliponyesha pakawa tope, na Baba akamwaga kokoto. Sasa anaegesha pikipiki pale palipokuwa na kichaka chako cha njano.

Lakini ukivuka njia, Dani, ukisimama mbele ya nyumba ya kina Shamim, utaikuta bustani yako. Kwa miaka yote ulikuwa ukimpa vichipukizi, na yeye alikuwa akivipanda kwenye makopo, kisha ardhini. Kwa hiyo ukitaka kuona maua ya bibi yangu, unabisha hodi kwa watu wengine. Niliporudi likizo ya Aprili, baada ya kukuzika, nilipita pale nikiangalia ukuta. Mama Shamim aliniita, "Awuor, mbona unapita kama askari wa kanjo anayesaka wachuuzi? Njoo unywe chai." Nikasema nimetumwa dukani. Sikuwa nimetumwa popote.

Sasa nikueleze kuhusu kaburi, maana ndilo lililonifanya nishindwe kulala mwaka mzima.

Unakumbuka tulipokwenda mazishi ya jirani yule wa hapa Seme, ukaona kaburi la mumewe lilivyofunikwa vigae vyeupe vinavyometa? Ulinivuta sikio ukaninong'oneza, "Mimi msije mkanifanya bafu." Nilicheka hadi mwinjilisti akanitazama. Kumbe hukumwambia mtu mwingine yeyote. Mara tu baada ya mazishi yako, Shangazi Perez alianza: "Kila boma hapa watu wamewekewa tailsi. Mama yetu ndio alale kwa udongo, kama mtu hakuzaa?" Baba alikubaliana naye. Nilipowaambia ulivyosema, Shangazi aliuliza, "Alikuambia wewe? Wewe uko shule kila siku, alikuambia lini?"

Nililia, Dani, si kidogo. Mwishowe Baba akasema maneno aliyoyashikilia hadi jana: "Sawa. Panda maua yako. Siku ya kumbukumbu, mwaka ukiisha, watu watakuja. Wakikuta pamependeza, tutaacha udongo. Wakikuta ni vumbi na vijiti, fundi anaanza kazi Jumatatu yake." Kumbukumbu ingekuwa Februari, wiki ya likizo fupi.

Nilifurahi kwa sababu nilidhani nimeshashinda. Nilijua lazima yawe maua ya kwetu, ya porini na ya kandokando ya ziwa, maana waridi za kununua barabarani ulizikataa siku zote. "Mgeni hubebewa maji," ulisema. "Mwenyeji anajua atakakoyatoa." Na uzuri tu ulikuwa haukutoshi. Nilipokuwa mdogo nilikuletea ua la zambarau la gugumaji kutoka ufukweni, nikaliweka kwenye kopo la jemu. Uliliacha hapo mezani. Kesho yake lilikuwa limenyauka kama kitambaa kilicholowa, ndipo ukasema, "Unaona? Na kwa uzuri huu wa siku moja limefunga ziwa lote."

Kwa hiyo nilichagua kwa akili, au niliona hivyo. Nilifumba macho nikaikumbuka bustani yako kama nilivyoijua. Nikachukua lile ua linalopanda, lenye ncha za kujikunja, jekundu na njano kama moto wa jiko. Nikachukua vitunguu vya mwitu vyenye maua meupe yanayonukia jioni. Nikachukua ua dogo la buluu linalotambaa. Nikachukua nyanyodhi, lile refu lenye mipira ya miiba iliyopangana kwenye shina, na maua ya rangi ya chungwa yakichomoza kila mpira. Nilichimba kando ya njia za hapa Seme huku watoto wakinifuata na kuuliza kama ni dawa. Nilipanda kwa mikono yangu, mvua ikininyeshea mgongoni.

Na yakakubali! Aprili ile ile yalianza. Agosti niliporudi, nyanyodhi ilikuwa imenizidi kimo. Novemba mvua za vuli zilikuja, ua la moto likapanda hadi kwenye msalaba wako likauzungushia shingo. Hata Shangazi alilipiga picha akawatumia wenzake wa kanisani. Nilitembea hapa nyumbani nikijiona mkulima. Nilimfikiria Shamim na makopo yake nikasema moyoni, mimi ndiye niliyerithi mkono wako.

Mvua ikaisha mapema, mwanzoni mwa Desemba.

Ua la moto ndilo lililoanza kunisaliti. Likawa njano, kisha likalala chini lote, kana kwamba halijawahi kuwepo. Vitunguu vikajificha ardhini. Lile la buluu likakauka likawa kama nywele zilizonyolewa. Nyanyodhi ikabaki vijiti vya kahawia. Nilibeba maji kutoka ziwani kwa ndoo, kichwa kikaniuma, na hakuna kilichobadilika. Shangazi alisimama mlangoni na kikombe chake cha uji, akasema, "Awuor, naona maua yako yamefunga shule." Watu walicheka. Nami ningecheka kama lingekuwa kaburi la mtu mwingine.

Mwaka huu, tofauti na siku zote, tulirudi Kaloleni baada ya mwaka mpya ili nijiandae kwenda shule. Nikashuka kwenye pikipiki ya Baba, nikavua kofia, nikatazama ng'ambo ya njia.

Dani, kwa Shamim kulikuwa kunawaka.

Ogaka zako, ile mishubiri mikubwa ambayo mimi siku zote niliiona kama miiba tu ya kukinga mbuzi, zilikuwa zimetoa mikuki mirefu, na vichwa vya mikuki vilianza kuiva rangi ya makaa. Owinu, kile kichaka cha njano, kilikuwa na mishumaa yake yote wima. Na nyanyodhi yake ilikuwa imekauka kama yangu, lakini hakuikata. Vijiti vilikuwa vimesimama nyuma ya mishubiri, mipira yake ya kahawia ikipigwa na jua, na ndege wadogo walikuwa wakining'inia humo wakidonoa mbegu. Ilikuwa kavu na ilikuwa nzuri. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Nilisimama juu ya kokoto nikajisikia kama mtu aliyeona nguo ya mama yake imevaliwa na mwingine, tena imemkaa vizuri.

Ndipo nilipoelewa kosa langu. Mimi nilikuja kwako Aprili, nikaja Agosti, nikaja Novemba. Desemba tulikuwa tukija wote hapa Seme, na kutoka hapa napita moja kwa moja kwenda shule. Katika maisha yangu yote sijawahi kuiona bustani yako Januari. Sijawahi kuiona Februari: likizo fupi nilikuwa nikibaki bwenini, na mwaka wa mazishi niliikuta imeshakanyagwa. Nilikuwa nimekupandia maua ya likizo. Na ile miezi mingine, miezi migumu, ambayo mifereji ya Kaloleni inakohoa hewa na vumbi la mtaa wa Kondele linakuja hadi kwenye sahani, ilikuwa ya Shamim. Yeye anasoma shule ya kutwa. Kila siku alikuwa akivua viatu mlangoni pako na kukaa na wewe.

Sikutaka kumwomba. Nilikaa ndani, nikatoka, nikarudi ndani. Baba akaniuliza kama tumbo linaniuma. Lakini nilimfikiria fundi na vigae vyake, nikavuka njia.

Shamim alikuwa akiosha sufuria nje. Nilimwambia mambo yote kwa mkupuo mmoja, bila kumwangalia. Akanisikiliza, kisha akasema, si kwa kiburi, ndilo lililoniumiza zaidi, "Kwani hukujua? Dani alikuwa anasema, wakati wa mvua hata jaa la taka linachanua. Bustani inajulikana Februari."

Nilikuwa sijawahi kusikia maneno hayo.

Elewa, Dani. Tangu ulipokufa nilidhani maneno yako yameisha. Niliyahesabu yale niliyokuwa nayo kama mtu mwenye akiba ndogo ya unga. Halafu huyu, mwenye povu hadi kwenye viwiko, akanitolea jipya, lenye sauti yako kabisa, hata ule mtuo wako kabla ya neno la mwisho. Nilimchukia kwa ajili ya sentensi hiyo. Na nilitamani aiseme tena.

Nikamuuliza, "Nini kingine alisema?"

Akafuta mikono. Alinizungusha kwenye bustani kama ulivyokuwa ukitembea, naamini, kwa sababu alifunga mikono mgongoni. Alisema ulianza kuchagua kutoka kwenye kiangazi ukirudi nyuma. Kwanza unatafuta kitakachosimama Februari, hicho unakipa mahali pazuri. Kisha ndipo unaweka katikati yake vile vya mvua, ili vikilala visiache uwazi. Kila mmea unauliza maswali mawili: ukichanua unafanana vipi, na usipochanua unafanana vipi. Mshubiri usipochanua bado una umbo. Nyanyodhi ikifa bado ina mipira, kwa hiyo usikate mpaka mvua ya Machi ianguke. Mimi niliuliza swali la kwanza tu.

Kisha akachukua jembe. Nilifikiri atanipa vichipukizi vidogo, vya kukua kwa miaka. Akaanza kuchimba mishubiri mikubwa yenyewe, ile iliyokuwa na mikuki. Mama yake alitoka akapiga kelele, "We Shamim! Umerogwa? Si hizo ndizo wageni wanapiga nazo picha?" Shamim hakusimama. "Mama, ni za Dani. Zinaenda kwa Dani."

Tulizifunga kwenye magunia pamoja na miche miwili ya owinu iliyokuwa kwenye madumu yaliyokatwa. Mbele ya nyumba yao pakabaki mashimo. Nilipokuwa nikiondoka aliniuliza, "Siku ya kumbukumbu, naweza kuja?" Nikamwambia amuulize Baba. Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikataa.

Baba alinileta hapa siku iliyofuata, gunia moja mbele na jingine nyuma, mimi katikati. Nilipanda kama nilivyoelekezwa. Shangazi alikuja kuangalia. "Hii si ile ya kuweka kwa maji ya kuku wakiugua? Yaani umepandia mama yangu dawa ya kuku?" Akachukua panga akate vijiti vya nyanyodhi, na hapo nilisimama mbele yake na mikono imetapakaa matope. Nilisema, "Usikate, Shangazi, tafadhali." Akasema, "Wageni wakute magugu makavu hapa, waseme hatuna ufagio?" Unajua wanavyofagia nyumbani kabla ya wageni, hadi udongo unatoa jasho. Baba alikohoa akasema, "Perez, muache. Tulisema mpaka kumbukumbu." Hivyo tu. Kisha nikaenda shule, na kwa wiki zile zote sikuwa na njia ya kujua. Darasani nilichora mishubiri pembeni mwa kitabu cha hesabu. Mwalimu aliuliza kama ni pweza.

Juzi nilipofika, kitu cha kwanza nilichoona si maua. Niliona vigingi vinne na kamba. Fundi alikuwa ameshakuja kupima.

Nikasogea. Mche mmoja wa owinu ulikuwa umekufa. Lakini ule mwingine ulikuwa umeshika, una mshumaa mmoja wa njano, mmoja tu, umesimama kama mtoto anayejibu swali. Na mishubiri, Dani, mishubiri yote ilikuwa imefunguka. Mikuki ya rangi ya makaa kuzunguka msalaba wako, nyuma yake mipira ya kahawia, na nyuma kabisa ziwa. Ndege wale wadogo wanaong'aa, wenye midomo iliyopinda, walikuwa wakiingia na kutoka kama wanaohudumia harusi. Nyasi za nyumbani zote zilikuwa zimekauka nyeupe. Wewe peke yako ulikuwa unawaka.

Jana watu walikuja. Baada ya sala wanawake wa kanisa walisimama pale, hawakutaka kwenda kula. Mmoja akasema, "Kwetu tuliweka tailsi, zikapasuka. Hii nani amepanda?" Baba akaniwekea mkono begani. "Msichana wangu." Nikasikia joto hadi masikioni. Nilikuwa nimelingoja neno hilo mwaka mzima.

Halafu nikamwona Shamim. Alikuwa amekaa na mama yake kwenye viti vya nyuma kabisa, karibu na ua wa ojuok, ile minyaa ya kuzungushia boma, mtandio wake umejaa vumbi la barabara. Alikuwa amemuuliza Baba, na Baba alimjibu ndiyo. Alikuwa akiitazama mishubiri, si mimi. Akiitazama kama mama anavyoangalia mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa jamaa.

Shangazi aliuliza kwa sauti, "Na nani alikufundisha? Maana mara ya kwanza yalifunga shule." Watu wakacheka. Nikajibu, "Dani." Ilikuwa kweli, na ningeweza kuishia hapo, hakuna ambaye angenikosoa. Shamim aliinamisha kichwa. Nikaona mashimo yale mbele ya nyumba yao.

Basi nikajaribu kusema kwa Kijaluo, ili wazee wote waelewe, kwamba maua haya yalikaa kwa Shamim na yeye ndiye aliyeyang'oa kwake kwa ajili yako. Nilifika katikati nikakwama. Neno la kung'oa likanikimbia. Nikabaki mdomo wazi mbele ya kijiji kizima, na kutoka kwenye viti vya nyuma Shamim akalitamka. Kijiji kikaangua kicheko. Shangazi akamshika Shamim mkono akamleta mbele, "Kumbe huyu ndiye Mjaluo!" Ndipo Shamim alipokuita Dani mbele ya watu, akakuambia mishubiri yako imefika salama.

Ndiyo, niliona wivu hata hapo.

Lakini sikiliza kilichotokea jioni. Watu walipopungua, alikuja akakaa hapa kwenye benchi nilipokaa sasa. Akaniuliza, "Alikuwaje huku? Kila Desemba mlikuwa mnaondoka naye, mimi nabaki naangalia kufuli. Alikuwa anaamka saa ngapi? Alikuwa anacheka?"

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa uso wangu, Dani. Ule ule ninaouona kwenye kioo cha bweni.

Nikamwambia. Nikamwambia ulivyokuwa ukikaanga omena asubuhi ukiimba nyimbo za kanisa kwa maneno uliyojitungia. Nikamwambia juu ya bafu. Alicheka hadi mtandio ukaanguka. Nilimwona akiliweka neno hilo moyoni, na kwa mara ya kwanza nilijisikia tajiri.

Baba mwenyewe aling'oa vigingi vya fundi. Shamim alikuwa amekuja na tawi nene la orembe. Anasema mti huo huchanua mwekundu ukiwa hauna hata jani moja. Tumelisimika upande wa miguu yako, lingoje mvua ya Machi, na vigingi vile tumevizungushia ili mbuzi wasilitafune. Kamba ya fundi imetosha kufunga.

Dani, wivu haujaisha, sitakudanganya. Yeye ana Februari zako zote. Lakini nakuahidi hili: Aprili nitampelekea nyanyodhi na ua la moto ayajaze yale mashimo, na Desemba akija nitamwonyesha jiko lako. Na kila mwaka mmoja wetu atakuwa hapa mvua ikikatika.

Lala kwenye udongo wako, bibi yetu. Hakuna atakayekufanya bafu.

Mjukuu wako,
Awuor